Siku Anayoweza Kutembea

Mara ya tatu Walburga alikuja zahanati akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa mke wa Egidi, mvuvi wa usipa, dagaa wa ziwani, na mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Kutoka kwao hadi kwetu ni mwendo wa saa mbili kufuata ufuko wa Ziwa Nyasa, mchanga kisha mawe, kisha mchanga tena. Aliingia na kikapu kichwani kama mtu anayetoka sokoni, akakitua, akasimama mbele ya meza ya Bwana Raimundi, mganga msaidizi na mkuu wetu.

"Nimekuwa na homa siku tatu," alisema. "Kichwa kilitaka kupasuka. Mifupa ilikuwa kama inatwangwa. Nimetapika mpaka nyongo."

"Homa hiyo iko wapi?"

"Imeniachia jana."

"Kwa hiyo leo huumwi."

"Leo siumwi. Ndiyo maana nimeweza kuja."

Bwana Raimundi alimtoboa kidole, akapaka damu kwenye kioo, akaitia rangi, akainama juu ya darubini, ile ya kutazamia vijidudu. Alitazama kwa haraka ya mtu anayejua jibu. Kisha akafungua daftari la wagonjwa na kuandika maneno yaleyale aliyoyaandika mara mbili za kwanza: Hana ugonjwa.

"Dada," akasema, "umechoka kumtwangia mama mkwe wako muhogo. Nenda nyumbani."

"Kama ningekuwa mvivu, ningetembea saa mbili kuja kutazama sura yako?"

Watu kwenye benchi walicheka. Bwana Raimundi hakucheka. Walburga alijitwika kikapu chake akaondoka, shingo imenyooka.

Mwaka ulikuwa 1951, enzi za Mwingereza, na mimi nilikuwa dresa katika zahanati ile. Kazi yangu ilikuwa kuosha vidonda, kufunga bandeji, kuchemsha sindano na kufagia. Jina langu ni Nazari. Nilizaliwa Mapera, juu milimani kwenye baridi na kahawa, na kusoma nilijifunza ukubwani, katika masomo ya jioni ya misheni, baada ya kutwa nzima ya jembe. Sioni haya kusema hivyo. Aliyepewa kitabu akiwa mtoto hajui uzito wake kama mimi niliyekifuata kwa miguu.

Mchana ule, nilipokuwa nafuta meza, daftari lilikuwa wazi. Nikasoma. Walburga alifika tarehe 2 Juni, akafika tarehe 12, akafika leo, tarehe 21. Kila mara alisema homa siku tatu, kila mara imemwachia jana, kila mara damu safi. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Homa siku tatu, nafuu kama wiki, homa tena. Haikuwa sawasawa kama saa ya ukutani, lakini ilikuwa na mwendo wake.

Mwendo huo niliujua mwilini mwangu. Mwaka niliposhuka kutoka Mapera kuja ziwani nililala kwenye kibanda cha udongo, nikaugua hivyohivyo mara nne: ninakufa, ninapona, ninakufa, ninapona. Ilikuwa homa ya papasi. Papasi si kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi ukamwona. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta, karibu na moto. Hutoka mtu akilala, hunywa damu yake, hurudi ufani kabla hajaamka. Mwenyeji aliyeumwa naye tangu utotoni, mwili wake huzoea. Anayeanguka ni mgeni.

Lakini kwa nini damu ilikuwa safi? Nilisimama na kitambaa mkononi mpaka nikaelewa, na nilipoelewa niliona aibu kwa niaba yetu sote. Ufukoni kwetu mgonjwa habebwi kwa machela ila anapokaribia kufa. Machela huita wanaume wanne, na ikipita tu, kila nyumba huanza kuulizana habari za mazishi. Basi mgonjwa hungoja apate nguvu za kutembea. Na mwenye homa ya papasi hupata nguvu siku ile homa inapomwachia, siku ambayo vijidudu vimejificha na damu haionyeshi kitu. Sisi tulikaa mezani na darubini yetu tukiwapima watu siku ambayo hakuna cha kuonekana, kisha tukiwaita waongo.

Nilimweleza Bwana Raimundi. Alinisikiliza huku akifunga kabati la dawa, maana ufunguo wake haukutoka mfukoni mwake hata kanisani.

"Papasi," alisema, "ni ugonjwa wa wapagazi wa zamani na makambi yao. Nyumba ya Mama Otilia haina hata miaka mitatu. Masomo ya jioni yamekufundisha nini, Nazari? Kuona gizani?"

"Yamenifundisha kuhesabu mpaka kumi, Bwana Raimundi. Homa itarudi tarehe ishirini na nane au ishirini na tisa. Niruhusu nichukue damu yake nyumbani, ikiwa imepanda."

"Darubini haitoki chumba hiki. Na dresa haigusi. Kachemshe sindano."

Nikachemsha sindano.

Jumatano iliyofuata habari zilifika. Izidori, mjomba wa Walburga, ameshuka kutoka Mkumbi, milimani, kumchukua mpwa wake. Si kumtembelea, kumchukua. Sababu kila mtu aliijua. Kabla ya Walburga, Egidi alikuwa na mke mwingine, Luisa, naye wa milimani. Luisa aliugua homa za kwenda na kurudi katika nyumba ileile, mimba ikatoka, naye akaifuata. Sasa Walburga. Watu walisema Mama Otilia, mama yake Egidi, anawala wakwe zake. Wengine walikuwa wamekwisha kuacha kupokea moto jikoni kwake.

Nilitoka kazini alasiri nikaenda. Niliwakuta uani: Izidori amekaa kwenye kigoda na fimbo kati ya magoti, Egidi amesimama na wavu begani kama aliyesahau kuutua, Walburga anapepeta. Mama Otilia alikuwa mlangoni mwa jiko, kipande cha mama, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mjomba," nikasema kwa Kimatengo chetu cha milimani, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Nasikia unaondoka naye."

"Kesho alfajiri. Siku mbili njiani, sikukuu ya Petro na Paulo inatukuta nyumbani. Hapa simwachi. Huyu mama ameshakula mmoja."

"Nimekula nini?" Mama Otilia aliruka. "Meno yenyewe yamebaki sita! Nihesabu!"

"Mjomba," nikasema, "ukiondoka naye kesho, homa itamkuta kwenye mteremko wa Mkumbi, hana nyumba wala maji, na mimba ile. Ndivyo ilivyokwenda mimba ya Luisa, katikati ya homa. Ngoja mpaka sikukuu. Homa itarudi kesho au keshokutwa. Ikirudi, nitaitazama damu yake na nitajua dawa."

"Nani amekuambia lini itarudi? Wewe ni mpiga ramli?"

"Mimi ni dresa. Nimehesabu."

"Na isiporudi?"

Hapo maneno yalinitoka kabla sijayapima. "Ikifika adhuhuri ya sikukuu hajaugua, nitabeba kikapu chake kichwani, mimi mwanamume, mpaka Mkumbi. Na nitapita katikati ya kijiji watu wanione."

Walburga aliacha kupepeta. "Mjomba, ngoja," akasema. "Kwa hilo ningengoja hata mwaka."

Izidori aligonga fimbo chini. "Kijana wa Mapera, nawajua nyinyi kwa maneno. Haya. Adhuhuri ya sikukuu. Sipitishi."

Alhamisi homa haikuja. Nilikuwa kazini, lakini wavuvi waliopita walinifikishia salamu: kikapu kinasukiwa kata mpya, ya kutosha kichwa changu.

Ijumaa, tarehe 29, zahanati ilifungwa kwa sikukuu. Ufunguo wa chumba nilikuwa nao kwa ajili ya kufagia. Niliingia saa moja asubuhi, nikaitia darubini kwenye sanduku lake la mti, nikachukua vioo, chupa ya rangi, kipimo cha homa na sindano ya kutobolea. Penisilini, dawa yenyewe ya papasi, sikuweza kuigusa, ilikuwa kabatini. Kisha nikakaa mezani pa Bwana Raimundi, nikaandika kwenye karatasi kwa mwandiko wangu mzuri: Nimechukua darubini. Niko kwa Mama Otilia. Nazari. Mwizi hajiandiki jina. Nilijiandika.

Nilifika saa tatu. Watu waliokuwa wametoka Misa ya kwanza walikuwa wamekuja kutazama, maana habari ya kikapu ilikuwa imeenea. Walburga alikuwa mzima. Alitwanga, akacheka, akaniletea maji ya kunywa. Izidori alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Kikapu kiliwekwa mbele yangu.

"Kizito," mwanamke mmoja alinionya. "Wameongeza mahindi."

"Ongezeni na jiwe," nikasema. Lakini moyoni niliomba, na ombi lenyewe lilinitia hofu: namuombea mwanamke mjamzito augue?

Kungoja kulinichosha, nikamwomba Mama Otilia anionyeshe anapolala Walburga. Desturi ya ukoo wao ni kwamba mke mpya analala jikoni kwa mama mkwe, kwenye mkeka kando ya mafiga, mpaka azae mtoto wa kwanza. Ni heshima. Luisa alilala hapohapo. Nilipiga magoti. Nyumba ilikuwa changa kweli, kuta zake laini, lakini kuzunguka mafiga kulikuwa na udongo wa rangi nyingine, mweusi, wa zamani, wenye nyufa.

"Udongo huu umetoka wapi, mama?"

"Wa meko ya mama yangu, kule Ngumbo," alisema kwa fahari. "Naye aliutoa kwa mama yake. Mwanamke hahamii nyumba kwa moto wa watu. Nilipojenga hapa niliubeba kwenye chungu, mwenyewe, kichwani."

Nilichukua kisu chake nikachokonoa ufa. Mdudu akatoka, kisha wa pili, kisha sikuhesabu: wa rangi ya majivu, bapa, wenye ngozi kama kipande cha kiatu kikuukuu. Niliwaweka kwenye ungo nikawatoa nje.

Mama Otilia aliwatazama bila mshangao. "Hao? Hao tumezaliwa nao. Hawajaua mtu."

"Hawajaua mtu wenu," nikasema.

Mchi ulinyamaza. Walburga alikuwa ameuegemeza kwenye kinu, amejikumbatia katikati ya jua lile.

"Mjomba," alisema taratibu, "nasikia baridi."

Hakuna aliyecheka. Egidi alitupa wavu aliokuwa akiutengeneza, akamshika mkewe asianguke. Ilikuwa kama saa nne na nusu. Kipimo nilichomtia kwapani kilipanda wakati nakitazama. Meno yake yalikuwa yakigongana, lakini aliniangalia akasema, "Umefurahi sasa, dresa?"

"Sijafurahi. Nipe kidole."

Niliweka darubini juu ya kinu kilichogeuzwa, nikaelekeza kioo chake kwenye jua. Sikungoja rangi. Tone la damu mbichi chini ya kioo chembamba, jicho langu, pumzi nimeizuia. Mwanzoni niliona chembe nyekundu tu, zimetulia. Kisha mojawapo ikasukumwa. Nyingine ikasukumwa, kama umati unaopenywa na mtu asiyeonekana. Nikazungusha skrubu kidogo, na hapo nikamwona: uzi mwembamba, umejisokota kama uliofumuliwa kwenye sweta, unajinyonga na kwenda. Na mwingine. Na mwingine.

Nilimwita Izidori atazame. Alifumba jicho lisilotakiwa, akakosea, akafumba la pili. Kisha akaona. Alirudi nyuma.

"Wanatembea," alisema.

"Wanatembea. Na hakuna mama mkwe anayeweza kuwatuma."

Sauti ya nyuma yangu ilisema, "Na nani amekutuma wewe?"

Bwana Raimundi alikuwa amesimama uani na suti yake ya sikukuu, viatu vimejaa mchanga, barua yangu mkononi. Alikuwa amenyooka mpaka nikajiona mfupi.

"Nilisema darubini haitoki."

"Ulisema."

"Nilisema dresa haigusi."

"Ameigusa. Utanishtaki, na nitakubali mashtaka yote, sitapunguza hata moja. Lakini kwanza inama utazame, Bwana Raimundi, kabla damu haijakauka. Wewe umesomea."

Nilidhani atairudisha darubini sandukuni na kuondoka nayo. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo, na watu walingoja hivyo. Alivua koti, akampa Egidi alishike, akainama. Alitazama safari hii bila haraka. Alisogeza kioo, akatazama tena, mpaka jasho likamtiririka shingoni. Alipoinuka hakumtazama mtu.

"Mara tatu," alisema. "Mara tatu nimeandika."

"Ulipima siku zisizo zake," nikasema. Hicho ndicho kiasi cha upole nilichokuwa nacho.

"Penisilini iko kabatini." Alitia mkono mfukoni, nikadhani ananipa ufunguo. Hakunipa. "Nitaifuata mwenyewe. Egidi, mtumbwi wako uko wapi? Wewe, Nazari, kaa na mgonjwa wako."

Walipiga kasia wote wawili, mganga msaidizi na shati lake jeupe, na walirudi saa nane mchana. Kabla ya sindano niliwaita watu wote karibu. Nilikuwa nimesoma jambo moja katika kijitabu cha afya, nikalikumbuka kwa wakati.

"Sikilizeni, nasema sasa, siyo baadaye. Dawa hii ikiwaua wadudu hao, atatetemeka kuliko mlivyomwona. Homa itapanda zaidi. Kisha itashuka. Asitokee mtu wa kusema amelishwa sumu."

Ilikuja karibu na saa kumi, na ilikuja kubwa. Kitanda cha kamba tulichomlaza nje kilipiga kelele. Macho yalimgeuka. Mwanamke mmoja alianza kulia kilio cha msiba, na Izidori akainuka na fimbo yake, akaja mpaka puani kwangu.

"Mwanangu akifa, Mapera hawatakuona tena."

"Nilisema atatetemeka. Nilisema au sikusema?"

Aliyejibu si mimi wala yeye. Mama Otilia alikaa kitandani, akaweka kichwa cha Walburga mapajani mwake, akamfuta uso kwa khanga yake na kumpigia kelele yule mliaji: "Nyamaza wewe! Hujaitwa msibani! Huyu ni mkwe wangu na simtoi kwa mtu, si kwa mdudu, si kwa mjomba! Izidori, kaa chini!"

Izidori akakaa chini.

Mkono mwingine Mama Otilia aliuweka tumboni mwa Walburga, na hakuuondoa. Jua liliposhuka juu ya maji, jasho lilimtoka Walburga kama aliyetoka kuoga ziwani. Akafumbua macho, akaomba uji. Mama Otilia alisubiri kidogo, mkono palepale, kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Anapiga teke."

Izidori alikaa siku nne zaidi, na hakukaa bure. Alichimba meko yale mpaka kwenye udongo mwekundu, akachoma mkeka, akapiga sakafu mpya. Mama Otilia alisimama mlangoni akilia udongo wa mama yake kama anavyoliliwa mtu, lakini hakumzuia. Egidi alimjengea mkewe kitanda cha miti, kirefu toka sakafuni. Wazee wa ukoo walinung'unika kuhusu desturi. Mama Otilia aliwaambia waje walale wao jikoni.

Bwana Daktari, Mwingereza aliyepita kila miezi miwili, alisoma mashtaka yangu, ambayo Bwana Raimundi aliyaandika yote bila kuongeza wala kuficha. Aliniuliza nani aliniruhusu kutoa darubini. Nikasema hakuna. Akauliza kama ninajuta. Nikasema hapana, na kwamba mgonjwa mwingine wa namna ile akitokea, nitaitoa tena, naye aniandikie na kosa hilo tangu leo. Alinipa onyo la maandishi. Ninalo mpaka sasa, nimelihifadhi pamoja na cheti changu cha masomo ya jioni, na sijui kati ya hizo karatasi mbili ipi inanipendeza zaidi. Baada ya hapo Bwana Raimundi alianza kunituma kwenye nyumba za watu wenye homa, na vioo, siku ileile homa inapopanda. Hakuwahi kusema samahani. Alinipa vioo.

Walburga alijifungua mwishoni mwa Oktoba. Mtoto alikuwa na umri wa wiki sita Mama Otilia alipomfunga mgongoni na kutembea zile saa mbili za mchanga na mawe, Walburga nyuma yake bila kikapu. Aliwapita watu wote kwenye benchi, akasimama mbele ya meza, akamfungua mtoto, akamlaza juu ya daftari.

"Mpime," akamwambia Bwana Raimundi.

Alimpima. Alimtazama macho, akamsikiliza kifua, akamtoboa kisigino, na mtoto akapiga yowe lililowafanya watu wa benchi waitikie. Aliinama kwenye darubini muda mrefu.

"Sasa andika," alisema Mama Otilia, "yale maneno yako."

Bwana Raimundi alichovya kalamu. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la sindano, nikaliacha lipoe. Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa, ili hata asiyejua kusoma aone kwamba kitu kimeandikwa: Hana ugonjwa.